Barabara ya Kwenda Donabi

Juzi wamekuja watu wa kuziba mashimo barabarani hapa Igawa. Wakawasha moto chini ya mapipa, lami ikachemka, na ule moshi mweusi mzito ukatambaa mpaka uwani kwangu. Mjukuu wangu akaziba pua. "Babu, inanuka!" Mimi nikavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikataka kuruka. Nyie wenzangu mliozaliwa barabara ikiwa bado ya vumbi mnaijua harufu hiyo. Kuna watu kwao ni harufu ya maendeleo. Kwangu mimi ni harufu ya safari, na safari yenyewe kaeni vizuri niwaeleze, maana hata leo sijarudi.

Kwanza mjue sisi siyo wenyeji wa Usangu. Baba aliswaga ng'ombe kutoka Usukuma kufuata majani, nasi watoto tukiwa mgongoni. Ng'ombe walikuwa wengi jamani, sidanganyi: wa mbele anakunywa maji huku Usangu, wa nyuma bado anaagana na majirani Shinyanga. Tukajenga karibu na Rujewa, kwenye mbuga ambayo masika inageuka bahari, na mbu wake akikuuma unamsikia anavyomeza.

Mimi naitwa Doto. Msukuma akisikia jina hilo haulizi, anajua nina mwenzangu anaitwa Kulwa. Majina hayo hatuchaguliwi, tunazaliwa nayo: pacha wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Na pacha kwetu ni mtu wa kuogopwa kidogo. Ukimpa mmoja shuka, mpe na mwenzake shuka. Ukimpiga mmoja kofi, basi mtafute na mwenzake umpige, hata kama alikuwa amelala. Nimekula makofi mengi sana ya makosa ya Kulwa, na yeye amekula ya kwangu, tukawa sawa. Usipofanya hivyo, wazee walisema, mmoja ataugua, au nyumba itapata balaa. Baba alikuwa mkali, simba akimwona anampisha, lakini hilo la mapacha alilitetemekea.

Wakati huo ndiyo wanajenga barabara kubwa, ile ya kutoka huko Iringa kuja Mbeya na kuendelea. Mitambo inanguruma kutwa, ng'ombe wanakataa kushusha maziwa. Kambi yao ilikuwa mbali kidogo na kwetu, na hapo kambini palikuwa na Mmarekani mmoja mpimaji. Watu walimwita Bwana Kamba, kwa sababu kutwa alikuwa anavuta kamba ya vipimo porini kama mtu aliyepoteza mbuzi. Mrefu! Akikaa kwenye kigoda, magoti yanakuja kumsikiliza masikioni. Huyu Bwana Kamba alipenda maziwa yetu. Jioni kazi ikiisha anakuja, anakaa na baba, anakunywa kibuyu kizima, ndevu zinakuwa nyeupe, halafu anaanza kusimulia kwao.

Kiswahili chake kilikuwa cha kutembelea gongo, lakini kilifika. Kwao hakukuwa Marekani yote, kama mnavyodhani. Kwao kulikuwa wilaya moja tu ndogo, wao wanaita kaunti, Kaunti ya Donabi. Alichukua kijiti akaichora pale mavumbini mbele ya zizi.

"Hii Donabi. Kama ngozi ya ng'ombe."

Na kweli, ilikuwa kama ngozi iliyowambwa ikauke, miguu imetanuka, ila mguu mmoja wa nyuma umekatwa. Uliukata mto. Mto wenyewe unaitwa Mto wa Chumvi, unatoka kwenye vilima upande linakochomoza jua, unapinda mara nyingi kama nyoka mwenye tumbo linalomuuma, unaingia mto mkubwa zaidi usio wao. Katikati kuna kilima kimoja tu cha maana, Kilima cha Mjane. Mjane mmoja alikaa juu peke yake akakataa kushuka mpaka akafa, hata alipoambiwa kuna mafuriko. Ardhi ya chini ni nyeusi kama hii yetu ya Usangu, lakini wao wanapanda mahindi tu. Na wakati wa baridi vinaanguka kutoka juu vitu vyeupe, vinafunika mpaka madirisha. Mimi nilijua hiyo ni sembe. Nikashangaa watu wa Donabi wanalimia nini, wakati ugali unawafuata mlangoni.

Alitueleza na habari za zamani. Kwamba kulikuwa na watu kwanza, wawindaji, walioita ule mto kwa jina lingine. Serikali ikaja, ikasema hamieni magharibi, wakahamishwa kwa miguu baridi ikiwa kali. Nikamuuliza, "Walikwenda na ng'ombe wao?" Bwana Kamba akanitazama, akatazama kijiti chake, akasema, "Sijui, Doto. Hakuna mtu aliniambia." Halafu wakaja wazungu wenye mikokoteni. Gurudumu la mmoja likavunjika, mke wake akashuka akasema mimi siendi tena mbele hata kwa fimbo, hapo pakawa mji. Baadaye ukaota mji wa pili, na hiyo miji miwili ikagombania makao ya wilaya. Kila mmoja unataka mahakama iwe kwake. Jumapili moja, watu wa mji wa kwanza wakiwa kanisani wanaimba, wale wa mji wa pili wakaja na mkokoteni wa ng'ombe, wakabeba mahakama yote: meza, viti, vitabu, na karani akiwa amesinzia juu ya meza. Mpaka leo makao yako kule. Baba alicheka mpaka kigoda kikavunjika.

Sasa ndiyo shule ikaja. Ilifunguliwa ng'ambo ya mto, mabati yake yakawa yanameta ukiwa malishoni, na mjumbe akapita kwa kila mwenye watoto. Baba akasema kwangu atakwenda mmoja. Ng'ombe watachungwa na nani, na wale dada zetu wakubwa walikuwa wameshaolewa? Usiku ule nililala nimemshika Kulwa kiuno. Nilijua, mmoja atakwenda, na mimi ndiye ambaye ng'ombe wanamsikia.

Asubuhi baba akaniita nyuma ya zizi. Akachuchumaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtoto.

"Doto, mwenzako Kulwa anakwenda shule."

Macho yameshaanza kujaa.

"Ngoja, usilie kama jike. Wewe nimekutafutia kikubwa kuliko hicho. Unakwenda Marekani na Bwana Kamba."

"Mimi?"

"Wewe. Kazi ikiisha anakwenda na wewe kwao. Utasoma huko huko Donabi. Lakini usimuulize. Mzungu akiulizwa habari ya safari anaghairi. Wewe sikiliza tu anavyosimulia, shika vizuri, ufike unajua njia. Na mpaka siku hiyo, chunga ng'ombe wangu vizuri."

Jamani. Nilipaa. Nilikimbia kuzunguka zizi, ng'ombe wakadhani chui ameingia. Nikamkuta Kulwa anajaribu kaptura yake mpya, nikamwambia, "Shule ya matope hiyo nakuachia wewe, maskini!" Kulwa akashika kaptura kwa mkono, akageukia ukutani. Nikajua ni wivu. Nikafurahi zaidi.

Na tangu hapo ile lami ikawa yangu. Maana mimi nilielewa hivi: barabara inajengwa, inakwenda mbele, inakwenda mbele, ikifika Donabi kazi imeisha, tunapanda gari tunakwenda. Ingekwenda wapi pengine? Mtu na akili zake atoke kwao aje kujenga njia isiyofika kwao? Kila pipa likichemka mimi nasema, ee, tunakaribia Mto wa Chumvi. Nilikuwa naswaga ng'ombe mpaka karibu na mitambo ili wavute moshi, wakaniuliza wale vibarua, "Wewe mtoto, ng'ombe wako wanasomea udereva?" Nikawajibu wananisindikiza.

Nikaishika Donabi kama wengine wanavyoshika katekisimu. Malishoni nilikuwa naichora chini, nasimama juu ya Kilima cha Mjane, nashuka mtoni. Ng'ombe niliwapa majina ya vijiji vyake. Kulikuwa na dume moja baya, lenye fujo, nikaliita Mahakama, kwa sababu lilipenda kuibwa na majike ya jirani. Bwana Kamba akija jioni namuuliza, na daraja liko wapi? Na reli ilipita mji gani? Akiniambia, kesho yake namrudishia bila kosa, anapiga paja lake anacheka, "Baba Kulwa, huyu kijana hatari!" Baba anacheka naye. Mama, sisi tulimwita mayu, hakuwa anacheka. Anachukua kibuyu anaondoka. Nikasema moyoni, mayu ana huzuni kwamba naondoka.

Usangu nzima ikajua. Wasangu majirani zetu wakawa wananiita Mmarekani. Mama mmoja aliyekuwa na shamba la mpunga mtoni alikuwa akiniona ananisalimia kwa heshima, "Shikamoo Mmarekani, utatukumbuka huko?" Mimi kitoto kichafu, kamasi zinatambaa, namwitikia "Marahaba," naahidi nitamletea kitenge.

Na Kulwa akawa mtu wa ajabu. Akirudi shule ananipa nusu ya muhogo wake aliopewa huko. Anataka kunifundisha zile a, e, i, o, u. Namwambia sitaki, za kwenu ni za Kiswahili, kule nitafundishwa za Kimarekani. Alikuwa anaamka kabla yangu kukamua, kazi ambayo ilikuwa ya kwangu. Nikamcheka. "Unanibembeleza ili nikuchukue?" Anainamisha kichwa tu, anakamua.

Siku ikafika. Barabara ilishapita kwetu zamani, lami nyeusi tii, ukitembea miguu inaungua mpaka unaruka kama panzi. Tukasikia kambi inavunjwa. Baba siku hiyo aliondoka alfajiri, alisema kuna ng'ombe kapotea. Ng'ombe wote mimi nilikuwa nimewahesabu, hakuna aliyepotea, lakini mtu anayesafiri hana muda wa kubishana. Nikafunga shuka langu na kibuyu cha maziwa ya Bwana Kamba. Mayu nikamuaga. Akanishika kichwa, akaenda kupepeta mpunga uliokuwa umeshapepetwa.

Kambini nilimkuta Bwana Kamba anapakia masanduku kwenye Landrova. Akafurahi kuniona. Nikasimama kama askari, nikamwaga yote: ngozi yenye mguu uliokatwa, Mto wa Chumvi na unavyopinda, mjane na kilima chake, watu waliohamishwa kwa miguu, gurudumu, mahakama iliyoibwa, karani aliyesinzia, reli, mpaka lile daraja la mbao ambalo farasi walilikataa. Sikukosea hata kijito. Yule mtu akavua kofia. Macho yake yakawa mekundu.

"Doto. Hata mimi mtoto wangu hajui hivyo."

"Haya," nikasema, "twende."

"Twende wapi?"

"Donabi. Barabara imeisha."

Akacheka. Halafu akaona shuka nililofunga, akaacha kucheka. Akachuchumaa, na yale magoti yake yakaja masikioni.

"Nani alisema tunakwenda Donabi?"

"Baba."

Akaanza neno, akaliacha, mpaka nikadhani Kiswahili kimemwishia.

"Doto, barabara hii inakwenda Zambia. Donabi ni ng'ambo ya bahari. Barabara haifiki. Na mimi siendi kule sasa, nakwenda kazi ingine." Akanishika bega. "Mimi nilisema na baba yako. Mara nyingi nilisema. Huyu Doto kichwa kizuri, peleka shule, yeye na Kulwa. Baba akaniambia wewe hutaki. Akasema Doto analia akiona shule. Anataka ng'ombe tu."

Mimi! Nilie nikiona shule! Shule yenyewe nilikuwa naiona paa tu, kwa mbali, kutoka malishoni, inameta kama sufuria mpya. Nilifungua mdomo nimwambie, nikakuta mdomoni hamna kitu. Donabi yote ilishatoka, na ndani hakukubaki hata neno la kwetu.

Akasema nisiondoke moyo umevunjika, kesho atapita nyumbani aongee na baba. Nikamwachia kibuyu chake cha maziwa. Kesho yake hakupita, wala kesho kutwa. Pengine walimharakisha. Watu wazuri nao huwa wana haraka.

Nikarudi nyumbani na shuka langu kichwani. Njia nzima watu wananishangaa. Vibarua, "He, Mmarekani, umesahau nini?" Yule mama wa mpunga akatoka shambani mpaka magotini matope, "Doto! Huendi tena?" Hata mbwa walinishangaa, nawaapia. Nikafika, nikamkuta Kulwa zizini, anakamua ng'ombe wangu. Akainua macho.

"Umerudi," akasema.

Basi. Hakuuliza kwa nini, wala hakushangaa. Wilaya nzima ilikuwa imeshangaa isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo tulikaa tumbo moja. Nikaweka shuka chini.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Mayu alimwambia baba, ukimpa Kulwa shule, Doto utampa nini? Mapacha hawa. Baba akasema, nitampa Marekani. Nilikuwa nyuma ya ghala."

"Na hukuniambia."

Aliendelea kukamua, maziwa yanaanguka chwa, chwa. "Ungekataa. Na ungekataa wewe, baba asingethubutu kunipeleka mimi peke yangu. Tungebaki wote."

Nilitaka kumpiga. Kwa kawaida yetu, nikimpiga yeye, na mimi nilitakiwa nipigwe. Siku hiyo niliona nimeshapigwa. Nikakaa tu pale kwenye samadi.

Baba alirudi jioni, bila ng'ombe yeyote, maana hakuna aliyekuwa amepotea. Akakaa mbali na mimi kidogo. Alikuwa mtu mkubwa lakini siku hiyo alikaa kwa kujikunja.

"Mapacha hupewa sawa," akasema. "Nilitafuta humu ndani kitu cha kulingana na shule. Hakimo. Ng'ombe ni wengi, lakini ng'ombe si shule, hilo nalijua hata mimi nisiyesoma. Nikakupa kile."

"Ulinipa uongo, baba."

"Ulikuwa na furaha au hukuwa nayo?"

Nilikuwa nayo, tena nyingi kuliko watoto wote wa Usangu. Na hiyo ndiyo iliyokuwa inauma. Akakohoa.

"Sasa, mwanangu, watu wataniuliza. Watasema nimemnyima pacha haki yake, watanitazama vibaya, na hawa ng'ombe wakianza kufa watasema ndiyo yale. Wewe waambie umekataa mwenyewe. Sema umeona huwezi kuacha ng'ombe wa baba yako."

Mayu akaacha mwiko ndani ya chungu. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akasubiri. Kulwa naye alikuwa mlangoni, ameshika ile kaptura yake ya shule. Wote watatu walikuwa wananisubiri mimi, mtoto, nifanye kazi ambayo wao ilikuwa imewashinda.

Kesho yake yule mama wa mpunga akaniuliza. Nikamwambia, "Nimekataa." Akashika mdomo. "Umekataa Marekani!" Nikaona nikiachia hapo itakuwa fupi, nikaongeza: Bwana Kamba amenibembeleza, nimekataa. Amelia, nimekataa. Amelishika gari lisiondoke, nimekataa. Mama yule akacheka mpaka akakaa kwenye maji. Mchana nilimweleza mwingine, na mzungu akawa amenipigia magoti. Kufika Jumapili, serikali yao ilikuwa imeleta ndege. Hivyo ndivyo nilivyoanza hii kazi ya mdomo ambayo mnanisifia. Watu hudhani nimezaliwa nayo.

Kulwa alisoma, akawa mwalimu, akajenga Iringa huko Kihesa, ana nyumba ya vigae na kuku wa kizungu. Ni mtu mwema. Sikukuu anakuja, ananiletea shati na yeye kavaa la rangi hiyo hiyo, tunakaa kama zamani, tunaongelea mvua. Hilo lingine hatujawahi kuligusa.

Baba alipofariki watu walijaa, Wasukuma, Wasangu, mpaka Wabena waliokuwa wananunua ng'ombe kwake. Msemaji akasimama akamsifu marehemu. Akasema, huyu mzee alilea, jamani, alilea, mpaka mtoto wake akakataa Marekani kwa kumhurumia baba yake. Watu wakaguna kwa heshima, vichwa vyote vikanigeukia. Mmoja akasema, Doto, hebu tusimulie kidogo, msiba umekuwa mzito.

Nikasimama. Kulwa alikuwa mbele yangu, suti nyeusi, amekaa na wazee. Akanitazama, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeomba, lakini sikujua anaomba niseme au ninyamaze. Nami nikasimulia. Nikaleta ndege, nikaleta mabalozi, nikamlaza Bwana Kamba chini ya matairi ya Landrova anagaragara. Msiba mzima ulicheka, vikongwe wakashikana mabega, watoto wakaja kutoka jikoni kusikiliza. Pale pote aliyekuwa analia ni Kulwa peke yake, analia na mabega yanaruka, na watu wakawa wanampigapiga mgongoni, wanamwambia pole mwalimu, mzee amekwenda kupumzika.

Mimi nikamwona. Nikaongeza ndege ya pili.